Kujifunza Kuruka kwa Mwavuli Penye Baridi



Huko Iten, nchini Kenya, juu ya Bonde la Kerio, watu hukimbia mtelemkoni wakiwa wamejifunga mwavuli mpana wa kitambaa, na upepo ukawainua. Mchezo huu huitwa paraglaidi. Hapa kwetu, mwaka 2013 kundi la warukaji lilipanda Kilimanjaro ili liruke kutoka kileleni, lakini hali ya hewa iliwazuia wengi wao, wakashuka kwa miguu.

Kijana wa Mbulu au Hanang akipata nafasi ya kujifunza mchezo huu, aijue kwanza baridi. Kila upandapo meta 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi 6 hivi. Kilele cha Mlima Hanang, chenye kimo cha meta 3,420 hivi, kiko zaidi ya meta 1,500 juu ya Katesh. Katesh ikiwa na nyuzi 18, kileleni huenda zisizidi 9. Upepo nao hupokonya joto la mwili, na mrukaji ameketi tu, hana kazi ya kumpasha moto.

Vidole huathirika kwanza. Mikono iliyokufa ganzi haiwezi kuvuta vema kamba za kuongozea mwavuli. Kwa hiyo avae glavu, sweta, koti lisilopitisha upepo, kofia ngumu na viatu vinavyoshika vifundo vya miguu. Ale kabla ya kwenda. Asinywe pombe, kwani humfanya ajisikie joto huku mwili ukipoa.

Mwanafunzi huanzia uwanjani pamoja na mwalimu, akijifunza kuinua mwavuli na kuutuliza. Kisha huenda kwenye kilima kidogo. Mlima huja baadaye.

Akitetemeka sana, akisema kwa shida au akisinzia, mazoezi yakome. Mvueni nguo zilizolowa, mfunikeni blanketi, na akiwa na fahamu kamili mpeni chai ya moto yenye sukari.

Lakini akianguka na kulalamikia mgongo au shingo, msimwinue wala kumkalisha. Mfunikeni hapo hapo, msimpe chochote kinywani, na iteni msaada. Ikibidi kumbeba, awekwe juu ya ubao, watu kadhaa wakimwinua kwa pamoja, mwili umenyooka. Aliyebebwa vibaya anaweza kupooza maisha yake yote.

Uhai ni zawadi ya Mungu. Siku ya ukungu na upepo mkali, kukunja mwavuli na kurudi kwa miguu si woga.