Majivu ya makaa ya mawe yasiende bustanini

Katika Milima ya Upare majivu hayatupwi ovyo. Yanamwagwa kwenye migomba, yanachanganywa na maharage ya akiba kuzuia wadudu, yanasugulia masufuria. Kwa majivu ya kuni, sawa: yana potasiamu na chokaa, vitu ambavyo shamba linavihitaji.

Sasa kuna nishati nyingine jikoni. Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) linatengeneza mkaa mbadala, Rafiki Briquettes, kutokana na makaa ya mawe, na taasisi zikiwamo shule zimehimizwa kuachana na kuni. Kwa wilaya ya Same yenye msitu wa Chome, kupunguza ukataji miti ni habari njema. Swali langu ni moja: majivu yake yanakwenda wapi?

Makaa ya mawe hutoka ardhini yakiwa na chembechembe za aseniki, risasi, seleniamu na floraini. Yakiungua, sehemu ya madini hayo hutoka na moshi, hasa zebaki, na mengi hubaki. Kilo 10 zikiacha kilo 2 za majivu, kilichobaki kimekolea hadi mara tano. Kiasi hutofautiana mgodi kwa mgodi, na kwa macho huwezi kukijua. Ni kazi ya maabara.

Huko Guizhou, China, familia zilikausha pilipili na mahindi juu ya majiko ya makaa ya mawe yasiyo na bomba la moshi. Meno ya watoto yakapata madoa ya kahawia, kama yale tunayoyaona Arusha kutokana na maji yenye floraidi, na wengine wakaugua ngozi kwa aseniki. Makaa yale yalikuwa mabaya kupita kawaida, lakini angalia njia ya sumu: ilipitia kwenye chakula.

Kwa hiyo, mzazi, ukitumia mkaa huu pikia penye hewa na usianike chakula juu ya jiko. Majivu yake usiyachanganye na maharage wala kuyaweka kwenye mchicha. Yamwagie maji kidogo yasipeperuke, mtoto anayetambaa asiyafikie, kisha yafukie mbali na kisima, mfereji na ndiva. Na kikao cha wazazi kikiitishwa shuleni, uliza yanakomwagwa majivu ya jikoni, hasa kama shule ina bustani ya mboga.