Jinsi injini ndogo mno za mwili zinavyogeuza chakula kuwa mwendo

NDANI ya karibu kila seli ya mwili wa binadamu mna wachukuzi wasioonekana kwa macho. Hao ni protini ziitwazo kinesini, ambazo hubeba mizigo zikitembea juu ya nyuzi mithili ya garimoshi juu ya reli.

Katika neva inayotoka kwenye uti wa mgongo hadi mguuni, safari hiyo hukaribia mita moja.

Mafuta ya injini hizi ni molekuli ziitwazo ATP, ambazo seli huziunda kutokana na chakula. Kila ATP moja inapovunjwa, kinesini hupiga hatua ya nanomita 8. Nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Hatua hizo zilipimwa mwaka wa 1993 nchini Marekani na Karel Svoboda, Steven Block na wenzao, waliotumia mwanga wa leza kunasa ushanga mdogo uliokuwa ukivutwa na kinesini.

Je, ATP huzaaje mwendo? Wanafizikia wana maelezo mawili.

Kwanza, protini hubadili umbo ghafla na kuusukuma mzigo, kama springi inayofyatuka.

Pili, molekuli za maji huigonga protini pande zote bila kukoma. Ni kama mtu aliyebanwa katika umati: akisukumwa mbele hukaza mguu, akisukumwa nyuma hakubali.

Hata hivyo, katika miaka ya 1960 Richard Feynman alionyesha kuwa mtikisiko huo pekee hautoshi. Joto likiwa sawa kila mahali, hata komeo linalozuia kurudi nyuma hutikisika na kufunguka. Hivyo basi, sharti komeo hilo lilipiwe, na malipo yake ni ATP.

Katika kinesini, njia zote mbili hushirikiana. Mabadiliko ya umbo huuelekeza mguu mbele, nao mtikisiko huusaidia kupata pa kukanyaga. Ikivuta mzigo mzito kabisa inaoweza, kinesini hutumia takriban nusu ya nishati ya ATP, kiwango ambacho injini ya kawaida ya petroli haifikii.

Hitilafu katika mfumo huu ni ghali. Kasoro za kinesini iitwayo KIF5A husababisha ugonjwa wa kurithi unaokakamaza miguu. Aidha, paklitakseli, dawa ya saratani, hushika reli hizo hizo, na wagonjwa wengi wanaoitumia hupatwa na ganzi mikononi na miguuni.