Neno "Too" na "Hapana" Iliyojificha

Je, mama mpendwa, mwanao amewahi kukuletea daftari la Kiingereza lenye alama nyekundu ya kosa, mkalitazama pamoja na msione kosa lenyewe liko wapi? Hayo yalitukuta Bariadi, jioni moja ya msimu wa kuuza pamba, nyumbani kwa mama mmoja aliyetukaribisha. Binti yake wa Kidato cha Kwanza alikuwa amesomeshwa habari fupi darasani, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Mother was too tired to go to the market." Swali likauliza kama mama alikwenda sokoni. Binti akajibu kwamba alikwenda, ila alikuwa amechoka sana. Akakosa.

"Sasa mbona wamemkosesha?" mama akatuuliza. "'Tired' si kuchoka? 'To go' si kwenda? Kwenda si kumeandikwa hapo?"

Ni kweli, kumeandikwa. Wala hamna "not" mahali popote katika sentensi ile. Hata hivyo mama yule wa kwenye habari hakwenda sokoni. Alibaki nyumbani.

Sisi katika Kiswahili tumezoea kulisikia neno la kukataa kwa masikio yetu. Tungesema, "Mama alichoka mno, hata hakuweza kwenda sokoni." Hiyo "hakuweza" imesimama wazi, kila mtu anaiona. Kiingereza kimeificha ndani ya neno la herufi tatu. "Very" husema tu kwamba jambo ni kubwa. "Too", linapofuatwa na "to" na tendo, husema kwamba jambo limepita kipimo, na kwa sababu hiyo tendo lile halikuwezekana. Chai ikiwa "very hot" ni ya moto sana, na wapo wazee wetu wanaoipenda hivyo hivyo. Ikiwa "too hot to drink", hainyweki. Mzigo "too heavy to carry" haubebeki. Mtoto akishajua kuitafuta hiyo "hai-" na "hau-", nusu ya kazi imekwisha.

Tusiwalaumu watoto upesi. Mtoto wa Simiyu mara nyingi amelelewa kwa Kisukuma, akaingia darasa la kwanza akasomeshwa kwa Kiswahili, kama ilivyo katika shule za msingi za serikali Tanzania Bara tangu 1967. Kisha anafika sekondari, na mara moja Fizikia na Jiografia vyote vimegeuka kuwa Kiingereza. Hiyo ni lugha yake ya tatu. Na zoezi la kuandika upya sentensi kwa kutumia "too ... to" ni la kawaida mno katika madaftari ya sekondari, kwa hiyo asiyeielewa siri yake hupoteza alama tena na tena. Zaidi ya hapo, atasoma kwenye kitabu cha Biolojia kwamba kitu fulani ni "too small to be seen" kwa macho, naye aamini kwamba kinaonekana!

Lakini msidhani ni watoto tu. Mwenyeji wetu alicheka, kisha akatutolea barua kutoka kwenye bahasha. Yeye na wenzake wana kikundi cha ushonaji, na marafiki wa ng'ambo waliwapelekea cherehani na vitambaa. Akina mama wakakaa, wakaandika shukrani zao kwa Kiingereza kwa msaada wa kamusi. Walitaka kusifu kwamba cherehani ile ni nzito, ya chuma hasa, si ya kuyumbayumba. Wakaandika, "The machine is too heavy." Juu ya vitambaa wakaandika, "The cloth is too good for our children."

Majibu yalikuja yamejaa huzuni. Marafiki wale waliomba radhi kwa kupeleka mashine isiyofaa, wakauliza kama watafute nyingine nyepesi. Tena wakasihi akina mama wasiseme kwamba watoto wao hawastahili kitambaa kizuri.

Kosa lilitoka wapi? Kamusi huonyesha kwamba "too" ni "mno", na kamusi haikudanganya. Ila "mno" yetu ina kazi mbili. Tunalalamika nayo, na tunasifu nayo pia: mtoto mzuri mno, chakula kitamu mno. "Too" kwa kawaida hubaki upande wa malalamiko. Anayesikia "too heavy" husubiri aambiwe kizuizi ni nini. (Lipo fumbo moja, "only too happy to help", ambalo ni furaha tupu bila kizuizi. Hilo mtoto alikariri tu lilivyo.)

Basi tukamwambia mwenyeji wetu asitafute neno moja la Kiswahili la kulingana na "too". Mara nyingi sisi hatulisemi kwa neno la namna hiyo. Tunalisema kwa kitenzi, na vitenzi hivyo vimejaa jikoni kwake. Chumvi imezidi. Kiatu kinambana mtoto. Gauni linampwaya. Ndoo imemshinda. Kila moja ya hizo Mwingereza angeiweka "too": "too much salt", "too tight", "too big", "too heavy". Hata wanaosoma Biblia wanaweza kuliona jambo hili. Katika Mwanzo 18:14, Biblia za Kiingereza nyingi zimetumia "too hard" zinapouliza juu ya uwezo wa Mungu. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iliyochapishwa 1952 hawakuandika "gumu mno". Walitumia kitenzi "kushinda". Walijua Kiswahili chao.

Binti akasogea mezani. Mama yake akaanza kumpima kwa mambo ya nyumbani. Akamwonyesha mdogo wake aliyekuwa akirukia mwembe bila kulifikia tawi, akamwambia, "Haya, sema."

"He is very short..." binti akaanza, akasita. "Hapana. He is too short to reach the branch."

"Amelifikia?"

"Hajalifikia, mama."

Tukaendelea hivyo mpaka ugali ukaiva, na siku hiyo kwa kweli haukuzidi chochote.

Kabla hatujalala akina mama wawili wa kikundi walifika, tukaandika barua mpya pamoja. Cherehani sasa ikawa "very strong", na vitambaa "very good". Mmoja wao akaapa kwamba "too" halitaingia tena katika barua zao. Lakini mwishoni walitaka kusema kwamba wao pia wanawaombea marafiki wale, na binti, bila kuulizwa, akawaambia kwamba hapo linafaa, maana "too" la namna hiyo ni "pia" tu. Ikaandikwa, "We too are praying for you," na chini yake, kwa herufi kubwa, Wabeja sana.