Lubumbashi: Kibao cha alamu kikilia usiku, mara nyingi ugonjwa uko kwenye batri

Umeme unapokatika usiku mjini Lubumbashi, katika nyumba zenye alamu kunaanza kusikika sauti moja ndogo: pii, kisha kimya, kisha pii tena. Inatoka kwenye kile kibao cha namba kilichobandikwa ukutani karibu na mlango, ambacho wengi wanakiita klavye. Watoto wanaamka. Baba wa nyumba anabonyeza namba zake za siri, sauti inanyamaza, baada ya muda inaanza upya. Wengine wanakifunika kibao kwa kitambaa. Wengine wanachomoa waya wake na kurudi kulala.

Asubuhi umeme unarudi, kila mtu anaenda kazini, na jambo linasahaulika. Nyumba inabaki na kibao ukutani na maandishi kwenye geti kwamba kuna alamu, lakini siku mwizi akiruka ukuta, king'ora hakilii.

Mafundi wanaoitwa kutengeneza vibao hivyo mara nyingi wanakuta kibao chenyewe ni kizima. Kibao ni mdomo tu wa mtambo. Ubongo uko ndani ya sanduku la chuma, ambalo kwa kawaida linafichwa kabatini au kwenye chumba cha ndani. Humo mna transfoma inayoshusha umeme wa volti 220, kadi ya elektroniki, na batri ndogo nzito ya risasi ya volti 12, mara nyingi yenye ujazo wa ampere-saa 7. Kibao kinapolia bila sababu inayoonekana, kwa kawaida kinapeleka malalamiko ya batri hiyo.

Batri inayokufa njaa

Mitambo hii ilitengenezwa kwa miji ambamo umeme unakatika mara chache, kwa saa chache. Katika Haut-Katanga, mahitaji ya makampuni ya madini na ya wakaaji yanapita umeme uliopo, na delestaji imekuwa desturi. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha matokeo yake.

Tuchukue alamu inayokula ampere 0.3, pamoja na vihisio vyake vya milango na vyumba. Umeme ukikosekana kwa saa 16, batri inatoa ampere-saa 4.8. Ukirudi kwa saa 8, sanduku linaloichaji kwa ampere 0.4 linairudishia ampere-saa 3.2 tu, tena pasipo kuhesabu kinachopotea njiani. Siku ya kwanza inapita. Ya pili inapita kwa shida. Siku ya tatu batri inaisha kabla umeme haujarudi, na mtambo mzima unazimika gizani, saa zile zile ambazo wezi wanazipenda.

Kuna ubaya mwingine. Batri ya risasi inayoachwa tupu mara kwa mara inaharibika ndani na kupoteza uwezo wa kushika chaji. Ile ambayo ingedumu miaka 3 hadi 5 inaweza kufa mapema sana. Joto la kabati lisilopitisha hewa linaifupishia maisha zaidi.

Kusoma kibao kabla ya kukilaumu

Hatua ya kwanza haihitaji chombo chochote: ni kutazama taa. Vibao vingi vina taa ya njano au alama ya hitilafu. Kwenye mitambo ya DSC PowerSeries, kwa mfano, mwenye nyumba anabonyeza nyota kisha 2, na namba zinazowaka zinataja ugonjwa. Namba 2 maana yake umeme wa mtandao haupo. Namba 1 inaomba fundi, na batri dhaifu ni moja ya sababu zake. Namba 8 inasema saa na tarehe zimepotea. Hiyo ya mwisho ni ushahidi mzito: kama hakuna fundi aliyegusa mtambo, basi ulizimika kabisa wakati fulani kisha ukawaka wenyewe, na kwa muda huo nyumba haikuwa na alamu.

Kibao kikiwa giza tupu wakati taa za nyumba zinawaka, kinachotafutwa ni njia ya umeme: swichi iliyoanguka, plagi ya transfoma iliyochomolewa na mtu aliyetaka kuchaji simu, fyuzi iliyoungua, au waya. Kwa kawaida kibao kinaunganishwa kwa nyaya nne: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na njano za mawasiliano. Fundi mwenye multimeta anapima kati ya nyekundu na nyeusi, na anatarajia volti 12 hadi 14. Akikuta 13 kwenye sanduku lakini 9 kwenye kibao, waya umeumia njiani: kiungo kimeshika kutu, au panya wameutafuna darini.

Taa zikiwaka lakini namba za siri zinakataliwa, sababu ni tofauti. Mitambo mingi hujifunga kwa dakika kadhaa mtu akikosea mara nyingi, kwa hiyo kubonyeza kwa hasira kunazidisha tatizo. Vumbi la kiangazi na sisimizi wanaojenga ndani ya kibao huzuia vitufe kugusa vizuri. Hapo kukifungua na kukisafisha kwa brashi kavu, umeme ukiwa umezimwa, mara nyingine kunatosha.

Vitufe vilivyochakaa vina hatari yao pia. Namba nne zikifutika kuliko nyingine, mgeni anayepita sebuleni anajua tayari siri imeundwa na zipi. Badala ya kujaribu namba 10,000, zinabaki 24 tu. Dawa ni kubadilisha namba za siri mara kwa mara, na kutoacha kamwe zile zilizokuja na mtambo kutoka dukani.

Msimu wa mvua unaleta hitilafu za kweli za kibao. Radi ikipiga karibu, au umeme ukirudi kwa nguvu kupita kiasi, kadi inaweza kuungua. Kifaa cha kusawazisha umeme na waya mzuri wa ardhini vinapunguza hasara hiyo, ingawa havizuii radi inayopiga nyumba moja kwa moja.

Cha kufanya, na cha kuachia fundi

Ndani ya sanduku mnapita volti 220, na upande huo si wa kuchezewa. Kubadilisha batri ni kazi nyepesi, lakini umeme uzimwe kwanza, na waya mwekundu usigeuzwe na mweusi. Kufungua sanduku kunaweza kuamsha king'ora, kwa hiyo zamu na majirani waambiwe mapema, pamoja na kampuni ya ulinzi kama nyumba imeunganishwa nayo. Batri ya zamani isitupwe jalalani, maana ina risasi na asidi.

Kwa mitaa yenye delestaji ndefu, batri mpya peke yake itakufa kama ile ya kwanza. Wenye paneli za sola na inveta wanaweza kuunganisha sanduku la alamu huko, kwa kuwa linakula umeme kidogo kuliko balbu nyingi. Wasio nazo wanaweza kumwomba fundi batri ya ujazo mkubwa zaidi, mradi ahakikishe sanduku linaweza kuichaji kwa saa chache za umeme zilizopo.

Njia ya kujua ukweli ni rahisi. Mara moja kwa mwezi, baada ya kuwaarifu majirani, mwenye nyumba azime swichi kubwa ya umeme, angoje nusu saa, awashe alamu kisha afungue mlango. King'ora kikilia kwa sauti yake yote, batri bado ina nguvu ya kuanzia usiku. Kikilia kwa kukwama, au kibao kikazimika, amejua mchana jambo ambalo angelijua usiku, na bado ana muda wa kumwita fundi.