Matangazo yasiyopiga hodi



Ramadhani iliyopita mamangu alikuwa ameketi ukumbini baada ya alasiri, akisikiliza mawaidha kwenye simu. Sheikh yuko katikati ya aya, mara sauti ikakatika, akatokea kijana anarukaruka akihimiza watu waweke shilingi kumi washinde mamilioni. Kamari, mchana wa Ramadhani, mbele ya bibi wa miaka sabini na ushei. Mama alipotaka kulifunga tangazo, kidole kikaangukia pasipo. Wiki mbili zilizofuata salio lake likawa linakatwa kidogo kidogo kwa huduma ya jumbe ambayo hakuiomba.

"Mwanangu," akaniambia, "mbona simu hii yala mchana kutwa na mimi nimefunga?"

Nilicheka, lakini swali lake ndilo lililonifanya nielewe kwa nini watu wengi siku hizi wanaweka programu za kuzuia matangazo.

Sababu ya kwanza ni bando. Ukifungua habari fupi, simu haipakui maneno peke yake. Hupakua pia picha na video za matangazo, na gharama ni yako wewe msomaji. Tangazo la redioni halikuwahi kukukata pesa.

Ya pili ni kufuatwafuatwa. Ukiulizia bei ya friji leo, kesho friji zitakutokea kila pembe. Unapofungua ukurasa, nafasi ya tangazo hunadiwa papo hapo, kufumba na kufumbua, na wanaonadi hupewa habari zako: uko wapi, unatumia simu gani, unapenda kutazama nini. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mtu kabla habari zake kutumiwa kwa biashara. Lakini ni nani kati yetu husoma yale maandishi madogo kabla ya kubonyeza "nakubali"?

Ya tatu ni usalama. Machi 2016 matangazo yenye programu hasidi yalipenya hadi kwenye tovuti za New York Times na BBC, bila wenyewe kujua. Desemba 2022 FBI ya Marekani iliwashauri wananchi watumie vizuizi vya matangazo wanapotafuta mambo mtandaoni, kwa kuwa matapeli walikuwa wakinunua matangazo yanayofanana na ya kampuni za kweli.

Ya nne, na kwangu ndiyo nzito, ni heshima ya nyumba. Aprili 2025 bodi ya kudhibiti kamari hapa Kenya ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30, kwa kuona yalivyowafikia hata watoto. Siku 30 zilipita. Watoto wetu bado wana simu mkononi.

Kizuizi chenyewe hufanya kazi kama bawabu mwenye orodha. Ukurasa ukiiambia simu ikachukue kitu kwenye anwani ya kampuni ya matangazo, bawabu hukataa, na kwa hivyo bando halitumiki. Kwenye simu za Android, kivinjari cha Firefox hukubali uBlock Origin, na ni bure. Wenye iPhone wamekuwa wakiweza kuweka vizuizi kwenye Safari tangu 2015. Ila jua kwamba kizuizi cha kivinjari hakigusi matangazo yaliyo ndani ya programu nyingine za simu yako.

Sasa niseme na upande wa pili, maana uadilifu hautaki nusu. Tovuti hii unayoisoma inaishi kwa matangazo. Fundi wa kushona kanzu na shule inayotafuta wanafunzi ndio wanaomlipia nauli kijana anayekwenda bunge la kaunti kukuletea habari. Ukimfungia kila mtu mlango, huyo naye atakaa nyumbani. Na sheikh anayeweka mawaidha huenda akategemea senti hizo hizo.

Kwa hivyo mimi nimechagua njia ya kati. Kizuizi kipo, lakini tovuti ninazoziamini nimeziruhusu, kwani programu hizi zina sehemu ya kufanya hivyo. Sisi watu wa Pwani hatujawahi kumkataa mchuuzi. Anayeuza mahamri hupita asubuhi, akapiga hodi nje, ukitaka ununue, hutaki amshukuru Mungu aende zake. Tunayemkataa ni anayeingia hadi chumbani, akapekua kabati, kisha akakudai pesa za kuingia.

Simu ya mama nimeitengeneza, na ile huduma ya jumbe nimeifuta. Jana aliniuliza, "Yule kijana wa kurukaruka kaenda wapi?" Nikamwambia, "Yuko nje, mama. Hakupiga hodi."