Mwanga Upi Unafaa kwa Miche?



Siku hizi zinauzwa taa za LED zenye mwanga wa zambarau, nazo husifiwa kuwa hukuza miche upesi. Kabla mwanachama hajatoa fedha yake kwa ajili ya kitalu cha mikarafuu, yampasa ajue kazi ya taa hizo.

Mwanga wa jua ni mchanganyiko wa rangi nyingi, na kila rangi ina urefu wake wa wimbi. Urefu huo hupimwa kwa nanomita. Nanomita milioni moja ni milimita moja. Jani hutumia zaidi mwanga wa buluu, kiasi cha nanomita 450, na mwekundu, kiasi cha 660. Taa ya zambarau ni rangi hizo mbili zilizowekwa pamoja. Buluu huufanya mche uwe mfupi na imara. Nyekundu huusaidia kutengeneza chakula. Hata taa nyeupe ya LED ina rangi hizo ndani yake. Lakini taa zote hizi ni za mahali pasipofika jua, kama vyumba vya maabara vinamokuzwa miche ndani ya chupa. Kitalu cha nje kina jua, na jua halina ankara.

Hata hivyo, elimu hii yatufaa katika kuchagua kivuli. Majani mabichi ya mti hula buluu na nyekundu, lakini hupitisha nyekundu ya mbali, kiasi cha nanomita 730, ambayo jicho huiona kwa shida. Mche ukiipata hiyo kwa wingi huhisi umefunikwa na jirani. Basi miche mingi hurefuka haraka kulitafuta jua, ikawa myembamba na dhaifu. Makuti makavu hupunguza mwanga wa rangi zote karibu sawasawa.

Tena kila mti una haja yake. Tuwatazame wenzetu wa bara, wakulima wa korosho wa Chidya, na wa Masasi na Newala kwa jumla. Mkorosho hutoa maua kwenye ncha za matawi yaliyo juani. Miti ikisongamana, matawi ya ndani hufa na mavuno hupungua. Ndiyo maana hushauriwa nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani kiasi cha miti 28 kwa eka.

Mkarafuu mchanga sivyo. Jua kali huuunguza. Basi twawashauri wanachama:

1. Kitalu kisiwekwe chini ya mwembe wala mti mwingine wenye majani mazito.
2. Kijengewe kichanja cha makuti.
3. Makuti yapunguzwe kidogo kidogo kabla ya kuhamisha miche, ili ilizoee jua.

Fedha ya taa na iende kwenye makuti, mbolea na maji. Mche dhaifu ukifa shambani, hasara yake ni ya miaka, kwani mkarafuu huchukua muda mrefu kabla ya kuzaa.

Katibu