Mkorosho hauna pa kukimbilia

Ukipanda matatu Mtwapa kwenda Malindi, na lori lililo mbele yenu likaanza kukohoa moshi mweusi, unafanya nini? Unafunga dirisha, unajiziba pua na leso, ukizidiwa unashuka. Sasa ufikirie mkorosho (mkanju, ukipenda) ulio kando ya lami pale Matsangoni. Umesimama papo hapo mchana kutwa, mwaka nenda mwaka rudi.

Lakini usidhani umekaa tu. Majani yake yana vitundu vidogo mno, ndivyo mti hupumulia. Vumbi la machimbo ya mawe huviziba, na gesi za moshi hupenya humo humo. Halafu kuna ozoni. Moshi wa magari ukipigwa na jua kali, na jua letu la Pwani unalijua, gesi hii hutokea hapa chini tunapopumua. Si ile ya juu angani inayotukinga. Hii ya chini ni sumu tupu. Ikiingia kwenye jani, huzaa chembe kali za oksijeni zinazounguza seli.

Hapo jeni huingia kazini. Mti una jeni maelfu kwa maelfu, na si zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja. Sumu ikibisha hodi, jeni za ulinzi huwashwa: seli huanza kutengeneza vimeng'enya vya kuzima zile chembe kali. Vitundu navyo hufungwa, na jeni zinazohusika na kutengeneza chakula kwa jua hupunguzwa kasi. Jeni zenyewe hazijabadilika. Kilichobadilika ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa.

Gharama yake ni kubwa. Kitundu kilichofungwa hakiingizi hewa ya kutengenezea sukari, na nguvu inayokwenda kwenye ulinzi ingekuza korosho na mabibo. Ndiyo maana mti unaweza kuwa kijani kibichi na bado ukazaa kiduchu.

Je, hautazoea? Miaka ya 1970 huko Uingereza, watafiti walikuta nyasi zilizomea muda mrefu katika hewa ya viwanda zikistahimili gesi ya salfa kuliko nyasi za aina hiyo hiyo kutoka kwingineko. Dhaifu zilikufa, sugu zikazaana. Ila nyasi huzaana upesi. Mkorosho hungoja miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na barabara ya Mombasa hadi Kilifi inapanuliwa, kwa hivyo usitarajie magari kupungua.

Bahati yetu ni kwamba mikorosho mingi ya zamani ya Kilifi iliota kwa mbegu, haikupandikizwa. Kila mmoja una mchanganyiko wake wa jeni. Ukiona mmoja kando ya lami unaozaa kuliko jirani zake kila msimu, okota korosho zake chache upande kabla tingatinga halijafika. Huenda ni udongo tu, huenda ni jeni, lakini kujaribu hakukugharimu kitu.